Mfumo wa Akili Unde Hautaijua Taasisi Usiyoijua Wewe

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Singida, ambaye ni afisa TEHAMA wa taasisi ya mikopo, aliniandikia akitaka nimtajie mfumo bora wa akili unde wa kulinda mtandao wa ofisi, kwa kuwa bajeti imekwishapitishwa na mkurugenzi wake anataka mkataba usainiwe kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Sikumtajia. Nilimuuliza ofisi yao ina kompyuta ngapi, akasema atanijibu baadaye, na mpaka naandika makala haya hajanijibu. Simcheki, maana sote tulio kwenye kazi hii tunatamani jambo lilelile: mtandao ulindwe usiku na mchana bila kuajiri kikosi kizima.

Hapa Dodoma niliongoza maandalizi ya namna hiyo katika taasisi inayokopesha wakulima na wafanyabiashara wa nafaka, yenye matawi Kibaigwa na Kondoa. Habari za zabuni na vikao naziruka, kwa sababu aliyepitia anazijua. Kazi yenyewe ilianza tulipoanza kuhesabu. Mifumo hii hujifunza mwenendo wa kawaida wa kila akaunti, kisha hupiga kengele mwenendo huo unapobadilika, hivyo huchukulia kwamba akaunti moja ni mtu mmoja. Kibaigwa tulikuta akaunti ya mhasibu aliyekwisha kuhamia Iringa ikitumiwa kwa zamu na makarani wanne, na nywila yake imeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha boksi kilichobandikwa chini ya kibodi. Mfumo ungejifunza nini hapo, isipokuwa kwamba taasisi yetu imeajiri mtu mwenye mikono minane?

Saa nazo zilitusumbua. Seva ya makao makuu ilifuata saa za Greenwich, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, ilhali kompyuta za matawi zilifuata saa za Afrika Mashariki. Aliyefungua kompyuta saa mbili asubuhi alisomeka kwenye kumbukumbu za seva kuwa ameingia saa kumi na moja alfajiri. Kurekebisha kulikuwa kazi ndogo. Kugundua ndiko kulikotuchosha.

Kisha likaja suala la msimu. Mzabuni alitaka mfumo ujifunze kwa majuma machache ya Februari, halafu uruhusiwe kufunga akaunti wenyewe. Nilikataa, nikaitwa mwoga mbele ya kikao, na neno hilo sijalisahau. Kuanzia Mei mavuno yanapoingia soko la Kibaigwa, makarani huwasha kompyuta kabla ya jua kuchomoza na miamala huongezeka ghafla, kwa hiyo mfumo uliosomea Februari ungemwona karani mwaminifu kuwa mwizi. Tuliuacha uangalie tu, bila kufunga chochote, mpaka mavuno yakapita. Kengele zilizolia siku za soko kubwa zilinipa haki, ingawa kwenye hafla ya uzinduzi aliyepongezwa ni mzabuni.

Basi, ndugu zangu, hesabuni. Hesabuni kompyuta, hesabuni akaunti, fungeni za waliohama na waliostaafu, kila mtu awe na akaunti yake yenye uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na uthibitisho wa pili, kama namba inayotokea kwenye simu yake. Mkimaliza, hesabuni tena, kwa kuwa orodha ya mwezi uliopita imekwishachakaa. Kiongozi anayedhani ulinzi hununuliwa kama kiyoyozi, kikafungwa ukutani na kusahauliwa, anapoteza fedha za wanachama.

Mzabuni naye aulizwe kumbukumbu zenu zitahifadhiwa nchi gani, kwa sababu zimejaa majina na namba za simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Aulizwe mfumo utafanya nini intaneti ikikatika, kama ilivyoyumba Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu. Aulizwe pia kama masasisho yanaweza kuanzia kwenye kompyuta chache za majaribio. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro la CrowdStrike, ambayo ni kampuni ya programu za ulinzi, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani.

Jambo ambalo wazabuni hawaligusi ni nani atakayepokea simu kengele ikilia saa nane usiku, na ana mamlaka gani. Kwetu iko karatasi yenye majina mawili na namba zao, imesainiwa na mkurugenzi mwenyewe, inayomruhusu wa zamu kukata mtandao wa tawi zima bila kusubiri kikao. Kuipata saini hiyo kulikuwa kugumu kuliko kuupata mfumo, lakini bila hiyo hakuna kijana atakayethubutu kuizima Kibaigwa msimu wa mavuno, hata kengele zilie mpaka kukuche.