Leaf ya 2014 "inayojiendesha": usitume hela bado

Ndugu, rudisha simu mfukoni. Umeandika kwamba dalali wa bondi (yadi ya magari yaliyoagizwa nje) anakuuzia gari la umeme, Nissan Leaf ya 2014, betri ya kWh 24 (kipimo cha umeme inaobeba), kilomita 58,000, vijistari vyote 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi, na kwamba "inajiendesha", kwa hiyo baadaye itakutafutia abiria Kampala nzima wewe ukiwa umelala. Umeuliza pia kama huko mbele kutakuwa na haja ya kumiliki gari.

Dalali amekudanganya. ProPILOT, mfumo wa Nissan wa kumsaidia dereva, ilianza kuwekwa kwenye Leaf ya kizazi cha pili, iliyotoka 2017, na hata hiyo inakusaidia tu kukaa kwenye mistari na kuacha nafasi na gari la mbele, mikono yako ikiwa kwenye usukani. Itafutie mistari Kikuubo, kwenye msongamano wa soko la Kampala! Magari yasiyo na dereva kweli, kama teksi za Waymo kule Phoenix na San Francisco, Marekani, ni ya kampuni yenyewe na hutegemea ramani za kina zilizochorwa mapema. Mwaka 2019 Elon Musk, bosi wa Tesla, alitangaza Tesla zaidi ya milioni moja zenye uwezo wa kuwa taksi bila dereva ndani ya 2020. Mwaka ukapita. Dalali wako kamzidi, yeye anaahidi kwa gari la 2014.

Lakini hilo si ndilo litakalokufilisi. Kitakachokufilisi ni kununua gari la umeme kwa kuangalia kilomita, kama unanunua Premio. (Bili ya kosa hilo naijua hadi shilingi ya mwisho, msiniulize naijuaje.) Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza, kwa hiyo joto na umri huichosha hata gari likiwa limeegeshwa. Kijistari cha kwanza hakipotei mpaka uwezo ushuke karibu asilimia 15. Vikibaki 8, betri iko kwenye asilimia sitini na kitu. Hapo kWh 24 zimekuwa kama 13 za kutumia, yaani kilomita 80 hivi: unafika Jinja, kurudi ni juu yako.

Na vijistari hudanganywa. Kuna wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vyote 12 vinawaka, kisha vinaanza kuanguka ukishalipa. Watu hawa wanakutazama machoni na kukuita "boss".

Kanuni ni moja: hakuna LeafSpy (programu ya simu inayosoma betri ya Leaf), hakuna hela. Tafuta kidude cha OBD2 cha Bluetooth, kile kinachosoma kompyuta ya gari, kinachokubaliana na programu hiyo, kichomeke chini ya dashibodi upande wa dereva, washa gari. Soma SOH, ndiyo afya ya betri, kisha angalia grafu ya seli 96, vile vipande vinavyounda betri. Chaji ikiwa juu, tofauti ya volti kati ya seli ya juu na ya chini ikiwa milivolti 20 au 30, sawa. Usiishie hapo, maana SOH nayo hudanganyika baada ya kufuta. Liendeshe mpaka chaji ishuke chini ya asilimia 20, kisha kanyaga mafuta kwenye mlima. Volti ya seli mbovu itaanguka peke yake kwenye grafu, wenzake wamesimama. Dalali akikataa safari hiyo, umeshapata jibu. Mnicheke kwa kutembea na kidude mfukoni kama askari na kirungu, poa tu.

Kuhusu umiliki, watazame vijana wa boda za umeme hapa Kampala: wengi wanabadilisha betri kituoni, na uzee wake ni mzigo wa kampuni. Wewe ukinunua Leaf umenunua betri, bodi umepewa nyongeza.

Halafu ile kebo ya kuchajia inayokuja na gari kutoka Japani. Ni ya volti 200 na huvuta ampea 15, plagi yetu ya pini tatu ni ya 13. Ukiikata na kufunga plagi hiyo, inaweza kuyeyuka usiku. Nunua kebo inayoweza kushushwa hadi ampea 10, na fundi umeme apime ethi (waya wa ardhini) ya nyumba kwanza, maana bila ethi kebo nyingi hugoma kuchaji.