Mtoto wa miezi mitano anaumwa na mbu hadi mchana, nimpake nini cha asili?

Swali: Asalamu aleikum daktari. Mimi niko Mkomani, Lamu. Mwanangu ana miezi mitano na mbu wamemmaliza, miguu yote ni vipele, na si usiku tu, hata saa kumi jioni nikimlaza kwa mkeka wanamuuma. Mavyaa wangu anasema nimpake mafuta ya mwarobaini yenye kafuri kidogo, jirani naye aniambia nipande mchaichai mlangoni na niwe namfukizia. Dawa za dukani naogopa manake ni kemikali. Nifanyeje?

Jibu: Waaleikum salaam mamangu. Kwanza mi si daktari, ni afisa wa afya ya umma, kazi yangu ni kuchungulia mapipa na vyoo vya watu, kwa hivyo swali hili ni langu kabisa.

Kilichonishtua hapo si kafuri (nitaifikia), ni hiyo saa kumi jioni. Mbu wa malaria ni wa usiku. Yule wa mashimo ya choo, anayetuletea matende huku pwani, naye ni wa usiku. Anayekuja mchana akakunyemelea miguuni kimyakimya, ukimtazama vizuri ana mistari meupe kwa miguu, huyo anaitwa Aedes, na haruki mbali, ukimuona kwako basi amezaliwa kwako ama kwa jirani mliyepakana ukuta. Na huyu bwana hana haja na maji ya mtaro, anataka yale masafi mliyoweka ya kutumia.

Sasa fanya hivi leo leo, chukua simu uwashe tochi, enda pale kwa birika la kuwekea maji ya nyumba ama tanki, funua kifuniko polepole na umulike pembeni. Ukiona vijiti vidogo vinaning'inia kichwa chini, kisha ukipitisha kivuli cha mkono vyote vinazama vikijipindapinda, hao ndo wenyewe. Nilishaingia nyumba moja Langoni mama aliapa maji yake ni safi, na kweli yalikuwa safi, tulichota kikombe kimoja tukahesabu viluwiluwi tukachoka. Kwa joto letu hili, yai mpaka mbu wa kuruka ni wiki moja hivi au siku kumi, kwa hivyo kila wiki mwaga na usugue. Kusugua usikuruke, manake mayai yanagandishwa ukutani juu kidogo ya maji na yanaweza kukaa makavu miezi, ukijaza tena yanaanguliwa. Angalia pia mitungi, sahani za chini ya maua, karai la maji ya punda, vifuu, na kile kiboti cha faiba kilichoachwa kwa uchochoro na maji ya mvua ndani. Lisilomwagika lifunike na kitambaa cha wavu ukikaze na kamba.

Wazee wetu hili walilijua zamani. Birika za nyumba za mawe za Lamu ziliwekwa visamaki vya kula viluwiluwi, na chini kabisa mlizikwa bakuli la kaure ya Kichina ili maji yakipungua samaki wapate pa kujificha wasife. Hiyo ndo dawa ya asili ninayoiamini mimi, haimgusi mtoto hata kidogo.

Na usidhani ni shida ya vipele tu. Mwaka 2004 chikungunya, homa ya maumivu makali ya viungo inayoletwa na huyu huyu Aedes, ililipuka hapa hapa Lamu kabla ifike Mombasa, na ilikuwa wakati wa ukame si wa mvua, watu wameweka maji ndani siku nyingi bila kubadilisha. Damu za watu zilipopimwa baadaye, ilikadiriwa robo tatu ya mji ulikuwa umeupata.

Haya, kafuri. Hapana. Kwa mtoto mchanga kafuri inaweza kuleta degedege, iwe ameilamba au imepita kwa ngozi, hata ile "kidogo". Mafuta ya mwarobaini nayo, watoto wachanga walionyweshwa wamewahi kuugua vibaya sana, na wako ana miezi mitano, ngumi iko mdomoni kutwa, utampaka wapi pasipofika mdomoni? Ndimu pia usipake, ngozi yenye ndimu ikipigwa na jua inaungua. Mchaichai panda, chai yake tamu, lakini mmea ukisimama tu mlangoni harufu haitoshi kufukuza mbu. Udi na ubani fukiza chumba mtoto akiwa kwa mtu mwingine, moshi uishe ndo umrudishe. Koili ya kuchoma sitaki kuiona chumbani kwa mtoto, moja ikiisha imetoa vumbi la moshi sawa na sigara 75 kwenda juu.

Kinachofanya kazi ni neti, mchana pia, ile ndogo ya mwavuli unamfunika akilala kwa mkeka. Usiku neti ya dawa ya kliniki, mtoto chini ya mwaka anapewa bure. Najua utasema ni kemikali, lakini dawa hiyo iliigizwa kutoka kwa maua ya pareto yanayolimwa huko bara, na iko kwa nyuzi haiko kwa ngozi. Feni nayo usiidharau, mbu ni dhaifu wa kuruka, upepo unamshinda, shida ni stima tu. Mvishe suruali nyepesi ndefu jioni.

Ukilazimika kumpaka kitu, losheni yenye DEET (dawa ya dukani ya kufukuza mbu, jina limeandikwa kwa chupa) asilimia 10 hadi 30 inaruhusiwa kuanzia miezi miwili, ipake wewe, mara moja kwa siku, usiguse mikono yake wala uso, na umuoshe mkiingia ndani. Ile ya mkaratusi-limau watu hudhani ni salama zaidi kwa sababu ni ya mti, kumbe haifai mtoto chini ya miaka mitatu. Na akipata homa yoyote usingoje kesho, mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo.

Kuhusu mavyaa, usibishane naye kwa sababu ya kafuri. Muulize tu birika la kwao la zamani lilikuwa na samaki gani na walikuwa wakiwatoa wapi, utaona atakavyochangamka, na huenda akakuletea mwenyewe.