Nguruwe wadogo kwa ajili ya bustani ya nyumbani: jibu kwa mdau wa Nachingwea

Mkuu, umeuliza kama nguruwe wadogo wanaweza kufugwa nyumbani kwenye nusu eka, wakakulimia bustani bila kuimaliza, na kama kuna haja ya kuhangaika kutafuta wale Kunekune unaowaona mtandaoni. Mimi nafuga upande wa Ndanda, wilaya ya Masasi. Ninao wale weusi wetu wa kienyeji, na kazi hiyo wanaifanya.

Kunekune asili yao Nyuzilandi. Wana pua fupi iliyobinuka na wanapenda kula majani juu kwa juu kuliko kufukua, ndiyo sifa yao. Mwenye uwanja wa nyasi anaotaka ubaki nyasi wanamfaa. Wewe umesema una ndago, yale magugu sugu ya bustani. Kwa ndago unataka pua ndefu, na nguruwe wa kienyeji anayo. Ni mdogo ukimweka karibu na wale wa kizungu, Large White au Landrace, ambao wakikomaa wanapita kilo 200. Ngozi yake nyeusi haibabuki jua kama ya wale weupe. Ubaya wake hanenepi haraka. Anayetaka kupeleka kitimoto sokoni kila baada ya miezi michache asijidanganye na huyu, achukue wa kizungu na ajiandae kununua chakula.

Wenye bustani mnaijua ndago. Jembe linakata majani, vile viazi vyake vidogo vinabaki chini na kuchipua upya, tena unaposukasuka udongo unavisambaza. Nguruwe anavitafuta kwa harufu, anavifukua na kuvitafuna, kwake ni chakula. Havimalizi kwa mkupuo mmoja, lakini kiraka kikipitiwa misimu miwili utaona tofauti bila kuambiwa. Hapo ndipo faida yote ilipo, kwa sababu mbolea ungeweza kuipata hata kwa mbuzi.

Siri ni kumpa eneo dogo kwa muda mfupi. Nguruwe ni kama kibarua wa kutwa: kazi ikiisha umtoe, la sivyo anaanza kuharibu. Kwa nguruwe wawili natumia kiraka cha mita tano kwa tano hivi, siku nne au tano, kisha nawasogeza. Ukiona wameacha kufukua na wameanza kulala tu na kuchimba mashimo ya kujigaragaza, umechelewa kuwahamisha. Mvua kubwa ikinyesha warudishe bandani. Udongo uliolowa wakiukanyaga unashikana, na ukikauka jembe linaruka.

Uzio wangu ni fremu nne za mianzi na mabanzi zinazofungwa kwa waya kwenye kona. Nguruwe mara nyingi haruki, anasukuma kwa chini. Kwa hiyo nguvu weka huko: tandaza mstari mmoja wa seng'enge usawa wa ardhi kwa ndani, akigusa na pua anaacha. Wavu wa kuku ni pesa ya kutupa. Kumfunga kamba mguuni kutwa nzima nako sikushauri, kamba inakata ngozi na jua likizunguka kivuli kinamwacha. Nguruwe hatoi jasho la kumpoza. Joto letu la Oktoba na Novemba bila kivuli na maji linaua mnyama mzima kabisa.

Ratiba ya kwetu inakubali vizuri kwa sababu tuna msimu mmoja wa mvua. Mahindi na mbaazi zikishatoka, waingize wakale mabaki na kufukua Agosti na Septemba. Mvua za Desemba zikianza unapanda mahindi au maboga. Mboga zinazoliwa mbichi, nyanya na vitunguu vya kachumbari, usizivune mahali walipopita mpaka ipite miezi minne tangu uwatoe, maana kinyesi kibichi kina mayai ya minyoo na vijidudu vingine. Kile unachokusanya bandani rundika na majani makavu, kipate joto, ukigeuze, ndipo kiende shambani.

Kwenye mikorosho punguza tamaa. Miche na mikorosho michanga usiwaachie kabisa. Kipindi cha kupuliza salfa, ile dawa ya ukungu, wasikanyage huko. Mabibo, yale matunda yanayoshika korosho, wanayapenda mno, ila okota korosho kwanza, ganda lake lina mafuta yanayounguza. Mabibo yaliyokaa chini yakachacha wape kidogo, yasigeuke uraka, ile pombe ya mabibo, tumboni mwao. Mimi hubeba mabibo kwa ndoo na kuwapelekea walipo, mizizi ya mkorosho inabaki salama. Chakula kingine ni pumba, mashudu ya ufuta au alizeti, matembele, mapapai. Maganda ya muhogo yaanikwe yakauke vizuri, hasa ya muhogo mchungu, kwa sababu ya sumu.

Sasa la kutisha. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na chanjo ya kukimbilia dukani hapa kwetu hamna. Inaweza kufagia banda zima ndani ya siku chache. Inaletwa na nguruwe mgeni, viatu na vifaa vya mchinjaji, mabaki ya nyama mbichi, na hata ngiri na nguruwe pori, ambao huko kwenu na Liwale hawako mbali. Makombo ya vibanda vya kuuza kitimoto usipokee. Ya nyumbani kwako chemsha nusu saa. Ile tabia yetu ya kuazimana dume kijiji kizima nayo inasambaza ugonjwa, afadhali wafugaji wawili mnaoaminiana muwe na dume wenu. Wakianza kulala, masikio na tumbo kuwa mekundu, mwite afisa mifugo na usiuze hata mmoja. Anayeuza kwa kuwahi hasara anaihamishia kwa jirani.

Tegu nayo iko mikononi mwetu. Nguruwe anaipata kwa kula kinyesi cha binadamu mwenye mnyoo huo. Nyama yenye malengelenge isipoiva inampa mtu mnyoo tumboni. Kifafa kinachotokana na tegu lakini kinakuja kwa njia nyingine, mtu akimeza mayai yaliyotoka kwa binadamu mwenzake, kupitia mikono au mboga. Kwa hiyo hata asiyekula kitimoto anaweza kukipata. Choo chenye mlango, na nguruwe wasiozurura, basi.

Hilo la kuzurura lina upande wa ujirani pia. Kwetu Ndanda watu wamezoea, lakini mikoa hii ina majirani Waislamu kila kona. Kabla hujajenga banda nenda kaongee nao kwa adabu, weka banda mbali na mpaka na mbali na kisima cha pamoja, upande ambao upepo hauwapelekei harufu.

Kuanza, chukua majike wawili wa umri mmoja, waliokwisha kuachishwa ziwa, kutoka kwa mtu ambaye banda lake umeliona kwa macho. Mimba ni miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Akikaribia kuzaa mtoe kwenye kazi ya bustani, mpe banda kavu lenye majani. Vitoto vya kwenye sakafu ya saruji vinahitaji sindano ya madini ya chuma siku chache za mwanzo. Vya kwenye udongo huokota sehemu ya chuma humohumo, ila muulize afisa mifugo wako. Madume usiyoyahitaji yahasiwe yakiwa madogo.

Weka hapa vipimo vya kiwanja chako na useme maji unayatoa wapi. Kama ni ya kununua kwa ndoo, anza na mmoja.