Umeme ni wa kichwani, moyo wanaupimia nini?

SWALI: Daktari, kijana wangu anasoma Ujerumani. Amejitolea kwenye utafiti chuoni kwao: anafungwa sifongo mbili kichwani, zinapitishwa umeme wa miliampia 2 kwa dakika 20, na kifuani anabandikwa waya za kupima moyo. Kama umeme ni wa kichwani, moyo wanaupimia nini? Usingizi sipati. — Mama Z., Tanga

JIBU: Shikamoo, mama. Kiti hicho nami nimekikalia, nilipokuwa masomoni huko huko. Ninachokumbuka ni maji ya chumvi ya sifongo yakinitiririka shingoni na muwasho kwenye paji la uso. Moyo ulinienda mbio tangu wanafunga mkanda. Baadaye wakaniambia siku ile nilikuwa kundi la kulinganishia: mashine iliwashwa kama nusu dakika, ikazimwa kimyakimya. Mbio zote zile zilikuwa woga wangu!

Moyo wanaupima kwa sababu mapigo, presha na jasho huendeshwa na ubongo bila sisi kuamua, kwa neva za namna mbili: moja kama mafuta ya gari, nyingine breki. Sehemu ya mbele ya ubongo inaweza kuzigusa zote. Umeme hafifu hivi haulazimishi seli za ubongo zifanye kazi. Unazifanya ziwe nyepesi au nzito kidogo kuamka, na sehemu yake kubwa hupotelea kwenye ngozi ya kichwa. Basi watafiti hutazama nafasi kati ya pigo na pigo la moyo, maana ndimo kazi ya breki huonekana. Majibu yao hayajapatana: wengine wameona breki ikiongezeka kidogo, wengine hawakuona kitu. Ukivuta pumzi polepole, mama, nafasi hizo hubadilika waziwazi bila waya wowote.

Hofu yako ina asili yake, lakini. Mwaka 1964 watafiti Lippold na Redfearn, Uingereza, waliandika kuhusu mtu aliyeshindwa kupumua kwa muda, elektrodi (vipande vya kupitishia umeme, kama zile sifongo) zikiwa kichwani na mguuni. Mwaka 2010 watafiti wa Ubelgiji walijaribu miliampia 1, elektrodi moja ikiwa nje ya kichwa. Moyo, pumzi na presha havikubadilika.

Muulize kijana kama amewaambia watafiti wake iwapo ana kifafa, au chuma chochote kichwani. Sifongo ikianza kukauka aseme, maana huunguza ngozi. Ila akikwambia amejiundia mashine yake chumbani kwa betri ya volti 9, hapo mpigie simu usiku huo huo.