Wavu uliopotea Ziwa Kivu: kuuzuia, kuutafuta, kuutoa

Pale bwawa la Ruzizi, kila mtu wa Bukavu ameona chupa za plastiki zilivyojaa mbele ya mitambo. Nyavu huzioni pale. Nailoni ni nzito kuliko maji, inazama. Wavu uliopotea unasimama chini kama ukuta, kamba ya chini yenye vipande vya risasi imelala, ya juu yenye maboya imenyanyuka, unavua bila mwenyewe. Samaki akinaswa anaita wanaomla, nao wananaswa. Mnandi, yule ndege anayepiga mbizi, na fisi maji wanapumua hewa kama sisi. Dakika chache chini ya maji wamekwisha.

Kivu ina jambo lake. Kupita mita 60 hivi maji hayana oksijeni, na samaki hawapo. Wavu ulioangukia huko usiupotezee mafuta. Unaoua ni ule wa karibu na ukingo: kwenye majani, visiki, na upande wa Goma kwenye mawe ya volkano yanayoshika kila kitu. Na tusiwasingizie wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo. Wavu wao umefungwa kwenye mitumbwi mitatu na watu wako juu yake usiku kucha. Shida ni nyavu za kutega, zinazolala majini peke yake.

Nyingi hazitupwi, zinapotea, na sababu kubwa ni boya. Watu wanafunga kibidoni kimoja upande mmoja. Boti inapita usiku, moteri inakata kamba, basi. Weka bidoni ya lita 5 kila mwisho wa wavu, yenye mwanzi wa mita moja na nusu na kitambaa cha rangi kali. Kamba ya boya izidi kina kwa robo: kwenye mita 20 weka 25. Ikiwa ni ya plastiki inayoelea, funga jiwe la nusu kilo mita 3 chini ya bidoni, la sivyo kamba itatandazika juu ya maji ikingoja moteri. Jina liandike kwa waya wa moto, maana wino unafutwa na jua. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa 2018 kuhusu kutia alama zana za uvuvi ni wa hiari, lakini wavu wenye jina unarudishwa.

Halafu maboya madogo ya kamba ya juu yafunge kwa uzi wa pamba usiopakwa lami. Wavu ukipotea, pamba inaoza, maboya yanatoka, ukuta unaanguka na hauvui tena kwa wingi. Hasara yake ni kwamba lazima ukague uzi na kuubadilisha mara kwa mara. Wengi hawapendi kazi hiyo.

Kuutafuta, tengeneza nanga ya kulabu: vipande vinne vya chuma cha beto cha milimita 8, kila kimoja sentimita 50, ncha zimekunjwa, vimechomelewa kwenye pete. Usichukue milimita 12. Chuma chembamba kikishika jiwe kinanyooka na kutoka. Kinene kinakubakiza hapo. Mbele yake funga mnyororo wa kilo 2 au 3 ili ilale chini, na kamba mara tatu ya kina. Piga kasia polepole ukikata njia ya wavu, siyo kuifuata. Ukiifuata, kulabu zinapita pembeni.

Nenda asubuhi kabla ya upepo, watu wawili, jaketi za kuogelea na kisu kinachofikika. Vuta kwa mbele ya mtumbwi, kamwe siyo kwa ubavu, unapinduka. Kamba izungushe mara moja tu kwenye mti wa kukalia, bila fundo, ili uiachie ikikaza. Kupiga mbizi kufuata wavu, hapana: kilichomnasa mnandi kitakunasa wewe.

Ukikuta ndege hai, mfunike kichwa kwa kitambaa kwanza, maana mnandi analenga macho. Bana mabawa mwilini, kata uzi kwa mkasi, kisha tazama miguu, shingo na chini ya ulimi. Uzi mmoja uliobaki unakata nyama polepole. Fisi maji anauma vibaya. Mfunike kwa kikapu, kata wavu kuanzia nyuma, ondoka.

Ukifika nchi kavu, wavu usiuchome, moshi wa nailoni una sumu. Usiufanye uzio wa bustani pia, utanasa kuku na ndege. Kata vipande vizima vya kushonea nyavu nyingine, vinavyobaki vifunge kwenye mfuko. Risasi weka mbali na watoto, na osha mikono kabla ya kula.