Supamaketi kubwa huangalia nini kabla ya kufungua tawi Malindi, na kwa nini Lamu kisiwani bado

Ndugu yetu ameuliza mambo mawili. Familia yake ina kiwanja kando ya barabara itokayo Malindi kwenda Mambrui, kabla ya daraja la Sabaki, na wanataka kukipangisha kwa supamaketi yenye matawi mengi. Pia anashangaa kwa nini supamaketi za namna hiyo hazivuki kwenda Lamu kisiwani. Nimefanya kazi miaka kadhaa katika kitengo cha kutafuta matawi mapya cha kampuni moja ya aina hiyo, sehemu kubwa huku Pwani ya Kenya, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Kwanza, tuache hesabu ya vichwa. Kila dalali hukuletea idadi ya watu. Lakini katika sensa ya 2019 mji wa Malindi ulikuwa na watu karibu 120,000, na kaunti nzima ya Lamu karibu 144,000. Kama ingekuwa ni idadi tu, Lamu ingetangulia. Watu wa Lamu wametawanyika Mpeketoni, Witu, Hindi, Faza na visiwani, na safari zao za manunuzi hazikutani mahali pamoja. Za Malindi zinakutana. Supamaketi hutafuta mahali ambapo safari zimekwisha kukutana, kisha inajiweka hapo. Ni nadra sana duka lenyewe kuanzisha safari mpya.

Ndiyo maana tulikuwa tukiwaketisha vijana kwenye sehemu inayofikiriwa, tangu asubuhi mpaka maduka yafungwe, siku ya kazi, Ijumaa, Jumamosi, na tena mwisho wa mwezi mishahara ikishatoka. Hawakuhesabu wapita njia peke yao. Waliandika nani anasimama, nani anashuka kwenye tuktuk, nani amebeba unga na mafuta ya kupikia na nani anapita mikono mitupu. Huku kwetu hesabu ya Ramadhani huwekwa kando, maana watu hufurika baada ya alasiri kutafuta vitu vya futari, na picha hiyo haifanani na miezi mingine. Vivyo hivyo msimu wa wageni. Anayepima Malindi mwezi wa Desemba hupata mji mwingine kabisa. Mimi naamini mwezi wa kuupima mji huu ni Mei, mvua inanyesha, hoteli nyingine zimefunga, na anayenunua ni mwenyeji. Tawi likijimudu Mei, Desemba haina shida.

Kuna hesabu ya umbali pia. Mmarekani William Reilly aliandika mwaka 1931 kwamba mvuto wa mji kibiashara huongezeka kwa ukubwa wake na hupungua kwa mraba wa umbali, yaani umbali ukiwa maradufu, mvuto unabaki robo. Miaka ya 1960 David Huff aliisogeza hesabu hiyo hadi kwenye duka moja moja: uwezekano wa mtu kwenda duka fulani hutegemea ukubwa wa duka na muda wa kufika, ukilinganishwa na maduka mengine yote anayoweza kuyafikia. Wenye makampuni wanaitumia mpaka leo, ila barabarani lazima uisome kwa macho ya huku. Mtu wa Marereni au Gongoni anakuja Malindi siku ambayo ana shughuli ya benki, hospitali au ofisi, na hapo hapo ananunua vitu vya mwezi. Wa Gede na Watamu hivyo hivyo kutoka kusini.

Sasa kiwanja chenu. Huyo mtu wa Marereni anakipita akiwa ndani ya matatu, na hana sababu ya kushuka. Akirudi, mizigo tayari iko mapajani. Sipendi kumpa mtu matumaini ya bure: kwa tawi kubwa, hapo ni pagumu mpaka makazi yajae pande zote. Kwa duka dogo la mtaani inawezekana, hasa kama kiwanja kiko mkono wa kushoto wa mtu anayetoka mjini kurudi nyumbani, kwa sababu mwenye gari au pikipiki hataki kukata barabara jioni. Tena mnashindana na majengo yaliyo tayari. Nakumatt, supamaketi iliyokuwa na matawi mengi Kenya, ilipoanguka, hadi wadai wake wakaamua ifungwe kabisa Januari 2020, kampuni nyingine zilichukua nafasi zake nyingi. Sakafu ipo, stima ya kutosha mafriji ipo, wateja wamezoea njia.

Kuhusu Lamu, jibu ni lori. Faida kwa kila pakiti ya unga ni ndogo mno, kwa hiyo kila mara mzigo unaposhushwa na kupakiwa tena, faida inaliwa. Malindi, lori linatoka Mombasa, kama kilomita 120, linapita daraja la Kilifi lililofunguliwa 1991 (kabla ya hapo ilikuwa feri), linarudi nyuma hadi mlango wa stoo. Mzigo wa Lamu unashushwa Mokowe, gati la upande wa bara, unapakiwa botini, unapandishwa gatini na mahamali, kisha mkokoteni au punda. Maziwa na nyama ya friji havistahimili hayo bila gharama kubwa. Na mji wenyewe: vyumba vya nyumba za kale vina upana wa mita tatu hivi, kwa sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko, na huwezi kuvunja kuta ovyo katika mji ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001. Ukumbi wa rafu ndefu utaupata wapi? Kama kampuni itasogea huko, natarajia ianzie Mokowe au Hindi, bara, lori linapofika.

Kwa familia yako: tayarisheni hati ya kiwanja isiyo na mgogoro wa urithi, hakikisheni lori refu linaweza kugeuka ndani bila kuziba barabara, ulizeni gharama ya stima ya fezi tatu, kisha andikeni barua kwa kitengo cha majengo cha kila kampuni. Msichimbe msingi kabla ya mkataba kutiwa saini. Kila kampuni ina ramani yake ya nafasi ya nguzo, urefu wa dari na mlango wa stoo, na jengo lililosimama vibaya hawalichukui hata kodi ikiwa rahisi.