Usiling'ang'anie Swali: Niliyojifunza Kwenye Mtihani wa Urubani wa Jeshi

Mara ya kwanza nilipofanya mtihani wa kupima uwezo wa kuwa rubani wa jeshi, swali moja tu ndilo lililoniangusha. Lilikuwa la mwendo, umbali na muda, ambalo mtoto wa darasa la nane angelitafuna akipewa penseli na karatasi. Hapakuwa na karatasi. Palikuwa na skrini, na saa inayohesabu kurudi nyuma. Nilikuwa na A ya hisabati kidato cha nne, basi nikaona aibu kulipita. Nilipozinduka, muda umekwisha na maswali sita hata sijayagusa.

Nimekulia Buruburu, Nairobi, ndege za kambi ya jeshi la anga ya Moi, Eastleigh, zikipita juu ya paa letu, nami nikiamini urubani ni macho makali na moyo mkuu. Wapimaji wana yao. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Marekani lilifundisha marubani kwa maelfu, na kila aliyeshindwa katikati ya mafunzo alikuwa ameshakula mafuta na muda wa mwalimu. Wanasaikolojia wakatunga majaribio ya kuwachuja mapema: mengine ya karatasi, mengine ya mashine, ambapo mwombaji alisogeza fimbo na kanyagio kufuatisha taa. Yote yakajumlishwa kuwa alama moja, kuanzia 1 hadi 9, na 5 ndiyo wastani. Siku hizi ni kompyuta, lakini wanachotafuta ni kile kile: ukirundikiwa mambo manne kwa pamoja, utaangusha lipi?

Maswali yenyewe usiniulize. Tulikatazwa kuyatoa. Na akikufuata mtu mjini akidai ana karatasi iliyovuja, au anamjua mkubwa fulani wa kulainisha mambo, huyo ni tapeli. KDF, yaani jeshi la Kenya, yenyewe hutangaza kwamba kuandikishwa ni bure.

Nitakueleza nilivyojiandaa mara ya pili.

Kwanza, niliacha kuhesabu kwa saa nikaanza kuhesabu kwa dakika. Noti ni kipimo cha mwendo: maili moja ya baharini kwa saa. Basi noti 120 ni maili mbili za baharini kwa dakika. Noti 180 ni tatu, 240 ni nne. Ukiulizwa ndege ya noti 180 itatumia muda gani kwenda maili 42, achana na 180 kabisa: gawa 42 kwa tatu, ni dakika 14. Nilikuwa nikijiuliza maswali kumi ya namna hii kila asubuhi nikipiga mswaki. Mama alidhani nasali.

Pili, dira. Njia ya ndege ya uwanja wa Jomo Kenyatta huitwa 06 ukitokea upande mmoja, na 24 ukitokea upande wa pili, yaani nyuzi 60 na nyuzi 240. Wilson wana 07 na 25, tena 14 na 32. Ziangalie vizuri hizo namba. Tarakimu ya kwanza imeongezwa mbili, ya pili imepunguzwa mbili. Basi kupata upande wa kinyume, ongeza 200 utoe 20. Ukiwa umeshapita 180, toa 200 uongeze 20. Ni rahisi kuliko kupambana na 180 huku saa inakukimbiza.

Gari la matatu ndilo lililokuwa darasa langu la kumbukumbu. Nasoma tarakimu tatu za namba ya gari lililo mbele, nazisema kinyumenyume, kisha najumlisha na za gari linalofuata, huku makanga anaita Mwiki, Kasarani, Mwiki, na redio inanguruma. Nauli nayo inadaiwa katikati ya hesabu. Sijaona programu ya simu inayovuruga akili vizuri kama hiyo.

Fimbo ya kuongozea ndege iliniaibisha zaidi. Ukiivuta kwako, pua ya ndege inapanda, ukiisukuma, inashuka. Kama umezoea michezo ya kompyuta iliyopangwa kinyume chake, mkono utakusaliti. Nilinunua joistiki ya mtumba barabara ya Luthuli, nikakaa saiba ya jirani wiki tatu nikirusha ndege za kwenye skrini. Kosa langu lilikuwa kusahihisha kupita kiasi: kialama cha kwenye skrini kikienda kushoto kidogo, nakitupa kulia kabisa, kisha nakirudisha kwa hasira. Nilipojizoeza kugusa kidogo na kungoja, kikatulia.

Kuhusu usingizi sina mengi ya kusema, ila kama unakaa nje ya mji, usiiamini barabara ya Thika siku ya mtihani. Nililala kwa shangazi usiku huo, karibu na kituo.

Mara ya pili lilikuja swali la aina ile ile iliyoniangusha. Nilihesabu sekunde tano, nikabahatisha jibu, nikasonga mbele. Hatua hiyo nilivuka. Macho yangu ndiyo yaliyonitoa baadaye kwa daktari, na leo nafanya kazi ya hesabu za stoo huko Industrial Area.

Lakini binamu yangu wa Kayole ameona tangazo la kuandikisha marubani mwaka huu, na amenigeuza mwalimu. Jana saa nne usiku alinipigia simu.

"Kaka, nitupie moja ya dira."

"275."

Kimya kidogo. "Tisini na tano."

"Mbona umechelewa?"

"Nilikuwa navuka barabara."